Meli Iliyopangiwa Victoria, Ikazeekea Nyasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani wa kawaida walinunua tiketi za bahati nasibu ili meli ya chuma ipelekwe katika ziwa moja la Afrika. Kampeni ya Kardinali Lavigerie dhidi ya utumwa ilikuwa imewasha mioyo Ulaya, mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ulikuwa umeahidi kuikomesha biashara ya watumwa barani, na kamati ya Ujerumani ikaona njia rahisi ya kukusanya fedha ni kuuza matumaini mawili kwa bei moja: la kushinda na la kutenda mema. Mwenye wazo la meli alikuwa Hermann von Wissmann, yuleyule aliyeuvunja upinzani wa pwani na kumnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani Desemba 1889. Meli ikaundwa Hamburg, ikabatizwa jina lake. Ziwa lililokusudiwa lilikuwa Victoria.

Victoria haikuiona kamwe. Iliishia Ziwa Nyasa, na siku iliyoitia kwenye vitabu vya historia iliikuta iko nchi kavu, Liuli, kusini ya Lituhi katika mwambao huohuo. Naisimulia hapa kwa sababu ukanda huu, kuanzia mdomo wa Mto Ruhuhu hadi Mbamba Bay, umepokea mipango mingi ya meli, bandari, reli na migodi, na wapangaji wake, kwa lugha tofauti na chini ya bendera tofauti, wamekuwa na ugonjwa mmoja. Hukipigia chombo hesabu hadi msumari wa mwisho, kisha huiacha nchi kitakakofanyia kazi ijihesabie yenyewe.

Tuanze na boila. Bamba la chuma hukatwa vipande vya kubebeka kichwani, na mpagazi aliyezoea mizigo ya msafara hulifikisha. Boila haikatwi hivyo. Wakati ule kutoka Bagamoyo hadi Victoria ulikuwa mwendo wa miezi, hakukuwa na reli, hakukuwa na barabara ya gari la ng'ombe, kulikuwa na mito isiyo na madaraja. Juu ya hayo, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliteketeza jeshi la Wajerumani la Zelewski pale Lugalo, na bara ikaacha kuwa mahali pa kupitisha misafara mizito kwa kujiamini. Mpango ukabadilishwa: meli isiende Victoria, iende Tanganyika, tena kwa mlango wa kusini, kupitia Zambezi, Mto Shire na Ziwa Nyasa, kisha ivutwe juu ya nyanda mpaka ziwa la pili.

Njia hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1875 Waskoti wa misheni ya Livingstonia, wakiongozwa na E. D. Young, walikuwa wamepitisha humo boti ya mvuke *Ilala*, vipande vyake vikibebwa na mamia ya wapagazi kuyazunguka maporomoko ya Murchison, ambako Shire hushuka kwa kishindo na hakuna chombo kinachopanda. Wissmann alifuata nyayo hizo. Vipande viliingia kwa mlango wa Chinde, vikapanda mto wenye mchanga usiotulia, vikashushwa, vikabebwa juu ya maporomoko, na meli ikaja kuunganishwa upande wa juu wa mto. Ilipoelea Nyasa mwaka 1893, hesabu ya Tanganyika ilikuwa imeshajijibu: fedha, afya na muda vilikuwa vimeliwa na safari. Wakaamua ibaki hapohapo. Kaskazini ya ziwa kikajengwa kituo cha Langenburg, na waliokuwa wameahidi ziwa moja na kupeleka katika jingine wakaandika kwamba lengo limetimia.

Sicheki sana. Kuna busara ndani ya uamuzi wa kusimama mahali chombo kilipofikia badala ya kukiburuza hadi kivunjike. Kinachonikera ni kwamba taarifa za miradi, za zamani na za leo, hazipendi kuandika sentensi ile ya kawaida kabisa: tulishindwa kufika tulikosema.

Na utumwa je, sababu ya tiketi zile? Biashara hiyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko kamati ya Ujerumani ilivyodhani, na mzizi mmojawapo ulikuwa Ufaransa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Morice naye alikuwa mtu wa mipango: aliuandikia utawala wa Ufaransa kupendekeza kituo cha kudumu Kilwa, chenye ngome na biashara, chini ya ulinzi wa meli za mfalme. Kituo hakikujengwa. Ila soko alilolisaidia kukua halikuhitaji ngome; lilivuta watu kutoka bara kwa misafara ya Wayao na wengineo, na Nyasa ikawa moja ya chemchemi zake. Mpango ulikufa, madhara yakaishi.

Kufikia wakati Wissmann inapuliza moshi ziwani, mambo yalikuwa yakiamuliwa na mikono mingine. Waingereza walishakuwa na boti zao za mizinga, *Adventure* na *Pioneer*, tangu 1893, na Desemba 1895 kamishna wao Harry Johnston alimkamata na kumnyonga Mlozi, mfanyabiashara mkubwa wa watumwa wa Karonga. Meli ya bahati nasibu ikageuka kuwa kitu kingine: gari la serikali. Ilisafirisha askari, barua, maofisa na mizigo kati ya Langenburg na bandari za mwambao, mojawapo ikiwa Wiedhafen, mlango wa kuingilia Songea. Wiedhafen ndiyo Manda ya leo, ng'ambo ya Ruhuhu ukisimama Lituhi. Kwa mtu wa huku, meli iliyoundwa kwa jina la ukombozi ilikuja kujulikana kama chombo kilichowaleta watu wa serikali, nao hawakuja kukomboa. Na ilikula kuni, rundo baada ya rundo, zilizotoka katika misitu ya kandokando ya ziwa.

Kuna kejeli nyingine ambayo wanasheria wa mipaka wataipenda. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza uliandika mpaka ukifuata ufuko wa mashariki na kaskazini wa ziwa. Ukiusoma neno kwa neno, meli ya kivita ya Wajerumani ilikuwa ikielea katika maji ya Waingereza kila ilipoacha mchanga wa nyumbani. Hakuna aliyejali, kwa sababu kivitendo ziwa lilitumiwa na pande zote. Maandishi yale yamekuja kutusumbua sisi, Tanzania na Malawi, hasa tangu miaka ya 1960 na tena mwaka 2012, baada ya leseni za kutafuta mafuta kutolewa upande wa pili. Wavuvi wa pande zote wameendelea kutega nyavu bila kuusubiri uamuzi.

Sasa tufike Agosti 1914, ambako kisa kinanoga.

Liuli wakati ule iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba mkubwa wa Pomonda ambao Wajerumani waliuona kama lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba. Mwamba ule na visiwa vyake hukinga ghuba dhidi ya mwera, upepo wa kusini-mashariki ambao wenye mitumbwi wa ziwa hili wanauheshimu kuliko serikali yoyote. Hapo ndipo Wissmann ilipokuwa ikifanyiwa matengenezo. Ilikuwa chelezoni, imevutwa juu, haina maji chini yake.

Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti. Habari zilifika Nyasaland, Malawi ya leo, kwa telegrafu, na waya wenyewe una hadithi yake: ulikuwa sehemu ya ndoto ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo, ndoto iliyokatika Ujiji na haikuendelea hata hatua moja kaskazini. Mradi ulioshindwa kufika Cairo ulitosha kabisa kufikisha ujumbe Zomba, makao ya serikali ya Nyasaland. Wajerumani wa Nyasa hawakuwa na waya wa namna hiyo. Dar es Salaam, ambako pengine habari ingeanzia, mnara wa redio ulishambuliwa na meli za Uingereza tarehe 8 Agosti. Kapteni Berndt pale Liuli akaendelea kusimamia matengenezo ya meli yake katika dunia ambayo, kwa kadiri alivyojua, ilikuwa na amani.

Upande wa pili kulikuwa na Kamanda Rhoades na meli yake *Gwendolen*, iliyoelea ziwani tangu 1899, kubwa kuliko Wissmann kwa mbali. Rhoades na Berndt walikuwa marafiki. Katika ziwa lenye Wazungu wachache wenye meli, usingetarajia vinginevyo. Walikutana bandarini, wakanywa pamoja. Zomba ikamwamuru Rhoades akaiangamize meli ya rafiki yake. Tatizo likawa mzinga: risasi zilikuwa za zamani, na mtu aliyejua kuutumia hakuwa mwanajeshi bali Mskoti mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya biashara. Huo nao ulikuwa mpango uliokutana na uwanja. Meli ya kivita ilikuwepo, mzinga ulikuwepo, baruti iliyokuwa hai na mtu wa kuufyatua vikawa bahati.

Alfajiri ya tarehe 13 Agosti Gwendolen iliingia ghuba ya Liuli na kuanza kupiga kutoka umbali wa karibu kilomita mbili. Risasi kadhaa hazikulipuka. Nyingine zilienda pembeni. Mwishowe moja ikampata mlengwa aliyelala juu ya chelezo. Ndipo Berndt akatoka na boti ndogo akipiga makasia kuelekea Gwendolen, amefura kwa hasira, na husimuliwa kwamba alipopanda melini alimuuliza Rhoades kama amelewa. Rhoades akamweleza kuwa kuna vita na kwamba yeye sasa ni mfungwa. Waingereza wakaishusha pumzi ile meli kwa kuchukua sehemu muhimu za mitambo, wakaondoka. Gazeti la The Times la London likatangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa majini wa Uingereza katika vita hiyo, dhidi ya meli isiyokuwa majini.

Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama kichekesho, na ni kichekesho kweli. Lakini kisome kama taarifa ya mradi. Meli haikuangushwa na ubovu wa chuma cha Hamburg, wala uhodari wa adui. Ilikuwa na chelezo kimoja, katika ghuba moja, bila mtu wa kuilinda wakati wa matengenezo, na bila njia ya habari. Kila kitu kilichokosekana kilikuwa cha bei ndogo kuliko meli yenyewe, na hakuna hata kimoja kilichouziwa tiketi ya bahati nasibu. Nani angenunua tiketi ili Liuli kuwe na waya?

Kilichofuata nakipitia haraka. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli, wakashusha askari nchi kavu na kuiharibu meli zaidi ili isitengenezeke. Mwaka 1918 wao wenyewe wakaitengeneza, wakaipa jina la *King George*, na ikafanya kazi upande wao. Mwenye jina la kwanza, Wissmann, alikuwa amekufa mwaka 1905 kwa ajali ya bunduki akiwinda. Sanamu lake lililosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909 liling'olewa na kupelekwa Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliliangusha mwaka 1968. Mahali pake Dar es Salaam tumemzoea askari wa shaba wa mnara wa mwaka 1927.

Ziwa hilohilo lilikuwa na chombo kingine cha umri unaokaribia, na tofauti zake zinafundisha. *Chauncy Maples* ilikuwa meli ya misheni ya Kianglikana, ikapewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Vipande vyake vilivyosafirishwa vilikuwa zaidi ya 3,400, na iliingia majini mwaka 1901. Haikupangiwa ushujaa. Ilizunguka vituo vya mwambao, ikibeba walimu, wagonjwa na wachungaji, akiwemo William Percival Johnson aliyefanya kazi ziwani kwa miongo mingi, akafa mwaka 1928 na kuzikwa hapohapo Liuli. Ilitumiwa vitani, ikarudishwa. Misheni iliiuza miaka ya 1950. Ikawa ya uvuvi, baadaye ikafungwa injini ya dizeli na kubeba abiria wa Malawi. Miaka ya karibuni Waingereza walikusanya fedha kuigeuza zahanati inayoelea, wakaishia njiani baada ya kuona gharama. Hata hivyo mwili wake bado upo. Kwa zaidi ya karne moja ilibaki hai kwa sababu kila mmiliki alikuwa na kazi ya wiki hii ya kuipa, na fundi wa karibu.

Hali ni hiyohiyo kwa *Liemba* ya Ziwa Tanganyika, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa *Graf von Goetzen*. Iliundwa Papenburg, ikafika Kigoma kwa masanduku, ikaelea 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi kwa wingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilifufuka. Katika historia nzima ya meli za maziwa yetu, sijui uamuzi wa kiufundi uliolipa zaidi ya ule, na ulihitaji grisi na mtu aliyewaza mbele ya kushindwa.

Nirudi Lituhi, kwa sababu hapa hadithi haijawa ya makumbusho. Kata hii ilikuwa ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kumegwa. Kwa miaka mingi kuvuka Ruhuhu kwenda Manda kulikuwa suala la kivuko na mitumbwi, katika mto wenye mamba. Sasa kuna daraja, na huu ni mradi ninaousifu bila masharti: hauhitaji kuni, nahodha wala telegrafu, na mama mwenye ndoo ya usipa anavuka kwa miguu yake.

Mingine ina sura ya Wissmann zaidi. Mwaka 1890 wapangaji walitazama ziwa. Siku hizi wanatazama makaa ya mawe. Makaa ya Ngaka, Mbinga, yalitarajiwa kushuka hadi bandari ya Ndumbi, kusini ya Lituhi, yapakiwe melini kwenda kaskazini na ng'ambo. Mamlaka ya Bandari ikaunda mwaka 2017, kwa ajili ya ziwa hili, meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000. Ila bandari ni gati pamoja na barabara inayoishia gatini, na barabara ya Kitai hadi Lituhi na Ndumbi ilibaki ya vumbi na tope wakati bandari imeshajengwa. Makaa yakafuata lami. Soko la dunia lilipopanda mwaka 2022, malori ya Ngaka yalielekea Mtwara, upande wa pili wa nchi, yakiyapa ziwa kisogo. Lami ya Kitai imeanza kujengwa kwa vipande, na ni vipande hivyo vitakavyoamua kama Ndumbi ni bandari au ni jukwaa la zege la kuotea jua.

Upande wa Ludewa, ng'ambo ya daraja, miradi ya migodi ya Mchuchuma na Liganga ilisainiwa mkataba na kampuni ya Kichina mwaka 2011, kwa ahadi ya dola bilioni 3, na zaidi ya muongo ukapita bila mgodi. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa tangu wengi wa wasomaji hawajazaliwa. MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200, iliyojengwa na Songoro Marine na kuanza kazi mwaka 2021, inatumika kweli, na abiria wa Lupingu, Manda na Liuli wanajua faida yake. Nao wanajua pia kwamba Itungi, bandari ya jadi ya Kyela, hujazwa mchanga na mito inayomwaga hapo, kiasi kwamba meli hulazimika kutumia Kiwira. Mchanga haukuwamo katika mchoro wa meli.

Mwaka 2024 jiwe la msingi la bandari mpya liliwekwa Mbamba Bay. Naitakia heri. Watu wa wilaya wana haki ya kuitaka, na naamini ikimalizika pamoja na lami ya Mbinga itafaa zaidi ya Ndumbi ilivyofaa, kwa sababu safari hii barabara ilitangulia. Huo ni mpangilio sahihi, na ni mara chache nimeuona.

Kwa hiyo msomaji wa Lituhi, Mbaha, Lundu au Liuli, siku wageni wa mradi watakapokuja na mchoro wa rangi na kukuta kiti chako mbele mkutanoni, usiulize chombo kitakuwa na urefu wa mita ngapi. Uliza chelezo chake kiko wapi na fundi analala wapi. Uliza mafuta ya mwaka wa tatu yamo katika bajeti ya nani. Uliza mchanga utaondolewa na nani, na barabara ya Kitai inafika Ndumbi mwezi gani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kijiji, yapigwe muhuri, na nakala ibaki ofisi ya mtendaji.